Sio tonado peke yake inayobomoa nyumba Iowa

Watu wakihamia huku Iowa, jimbo la katikati ya Marekani, swali la kwanza ni tonado tu, ule upepo mkali unaozunguka. Mimi kazi yangu ni hali ya hewa na nawaambia kila mara, ogopeni vilevile upepo wa mvua za radi za kiangazi, ule unaosukuma moja kwa moja bila kuzunguka.

Chukua tarehe 10 Agosti 2020. Dhoruba ilianza asubuhi kule South Dakota na Nebraska, ikakata Iowa yote, Illinois, Indiana mpaka Ohio, kama kilomita 1,240 ndani ya masaa 14 hivi. Dhoruba ya aina hii ndio tunaita derecho. Pale Cedar Rapids upepo unakadiriwa ulifika kilomita 225 kwa saa, na haukuwa wa kupita mara moja, ulipiga zaidi ya nusu saa, mji ukapoteza zaidi ya nusu ya miti yake. Hasara kwa jumla ni kama dola bilioni 11.

Nguvu yote hiyo inatoka wapi? Hewa ya joto yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico, na mahindi nayo mwezi wa saba na wa nane yanavuta maji ardhini yanayatoa kwa majani, unakuta joto linanata mwilini. Hewa hiyo ikipanda inatengeneza radi, mvua inashuka kupitia hewa kavu iliyo juu, matone mengine yanageuka mvuke njiani na yanachukua joto, hewa inapoa ghafla, inakuwa nzito, inaporomoka, na ikigonga chini inasambaa kama ndoo ya maji uliyoimwaga sakafuni. Sasa hiyo baridi inainua hewa ya moto iliyo mbele yake, radi mpya zinazaliwa, nazo zinamwaga baridi tena, ndio maana inasafiri siku nzima.

Tukienda kukagua tunaangalia mahindi kwanza. Yakiwa yamelala yote upande mmoja, shamba baada ya shamba, hiyo sio tonado, maana tonado inayasokota na kuyatupa huku na huku.

Kilichoniuma mimi ni wenzetu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda waliolala kwenye mahema nje ya apatimenti zilizobomoka. Wakati ule onyo la mvua ya radi halikuwa linalia kwenye simu jamani, la tonado ndio lililia! Tangu Agosti 2021 linalia, upepo ukitarajiwa kufika kilomita 129 kwa saa.

Likilia usitoke nje kurekodi video. Shuka besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi, au kaa chumba cha katikati ghorofa ya chini, mbali na madirisha, na kama unaishi kwenye nyumba ya trela ondoka mapema. Na jirani asiyesoma Kiingereza mgongee mlango kabla hujashuka, umwambie kwa Kiswahili.