"Gari inakula maji" maana yake nini hasa

Kaa kwa fundi yeyote hapa Malindi nusu saa tu, lazima aje mtu na gari yake ya zamani yenye mbio aseme "hii inakula maji kidogo", halafu acheke kama vile ni tabia ya gari, kama mtu anayependa chai. Sasa tuelewane. Petroli inaliwa, ndio kazi yake. Oili injini nzee inaweza kuila kidogo na ukaishi nayo miaka. Lakini kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji kupoza injini, hailiwi. Inazunguka tu, inatoka kwa injini na joto, inapoa kwa redieta, inarudi, kwa mfumo uliofungwa. Ile uliyoweka Januari inatakiwa iwe ni hiyo hiyo Desemba. Ikipungua basi imetoka, na kuvuja kwa kulanti maana yake ni hiyo, iwe unaona tone chini au huoni kitu. Kazi yote inayobaki ni kujua imetokea wapi.

Mimi nimefundishwa na Subaru Impreza ya zamani, ya tabo (kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa egzosi kuisukumia injini hewa zaidi), injini ile EJ20 iliyolala, yaani silinda zake zimelala ubavu. Kaskazi imekaza, natoka Mombasa jioni, nimeshapita Matsangoni nakaribia Gede, mshale wa joto ukaanza kuinuka. Kuna ujanja wa wazee, unazima AC unafungua hita mpaka mwisho ili joto la injini liingie ndani kwenu, kwa sababu ile hita ni redieta ndogo tu iliyofichwa chini ya dashibodi. Binamu yangu wa Lamu, mtu wa mashua na punda, nimempakia pembeni, akaanza kulalamika "yakhe, mbona gari latuchoma miguu?" Baada ya dakika kama mbili hivi akanyamaza, akasema sasa kuna upepo baridi. Yeye alifurahi, mimi ndio nikashtuka nikaweka gari pembeni. Hita ikipuliza baridi na injini inachemka, ujue maji hayafiki tena kule, yameshapungua vibaya.

Na msiuamini sana ule mshale. Kwa gari nyingi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka, usikutie wasiwasi, kwa hivyo ukianza kutembea tayari umechelewa. Tena maji yakiisha kabisa sensa inabaki kwenye mvuke, inaweza kusoma chini wakati injini inaiva.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kifuniko cha redieta. Wanaona ni kizibo tu. Ndani kina springi, na hiyo springi ndio inashika presha. Hapa kwetu tuko usawa wa bahari, maji matupu kwa sufuria yanachemka digrii 100, ukichanganya nusu kwa nusu na kulanti yanasogea kama 106 au 107, halafu kifuniko cha presha ya kama bar 1.1 kikibana vizuri yanapita 120 bila kuchemka. Springi ikichoka, maji yanachemka mapema, yanasukumwa kwenye chupa ya akiba, chupa inajaa inamwaga barabarani, ukifika nyumbani hakuna tobo popote na maji hayapo. Pia kina vali ndogo ya kurudisha, gari ikipoa inavuta maji kutoka kwa chupa. Hiyo ikikwama utaona chupa imejaa na redieta iko kavu, na wewe unaangalia chupa kila asubuhi unasema alhamdulillahi maji yapo. Angalia redieta yenyewe, gari ikiwa baridi kabisa. Ikiwa moto usiguse kifuniko hata ukiambiwa na nani, yale maji yakipata mwanya yanageuka mvuke usoni mwako.

Kutafuta tobo la nje unaanza asubuhi kabla hujawasha. Usiku weka boksi lililofunguliwa chini ya injini, upande mweupe juu, asubuhi usome ramani yako. Hapa Pwani kuna mtego, AC inadondosha maji mengi sana kwa huu unyevu, na watu wanakimbilia kwa fundi na maji safi ya AC. Chovya kidole, sugua. Maji ya AC ni maji tu. Kulanti inateleza, ina rangi, ina harufu tamutamu. Usionje, ni sumu, inaua paka na mbuzi wanaokunywa kidimbwi chini ya gari, kwa hivyo ikimwagika osha na maji mengi mara moja usiwaachie.

Mara nyingi hata tone hupati, kwa sababu linaanguka kwenye chuma cha moto linakauka hapo hapo. Linaacha alama. Ukungu mgumu mweupe au wa kijani, kama ukingo wa mashamba ya chumvi kule Gongoni jua likishakausha. Chukua tochi ufuate hiyo chumvi kwenda juu, maana maji yanashuka, tobo liko juu ya alama sio pale penye alama. Angalia penye klipu za paipu. Angalia matangi ya plastiki ya redieta, yakiwa yametoka weusi yakaingia kahawia ujue yamekuwa kama biskuti. Angalia chini ya wota pampu, ina kitundu kidogo cha makusudi, kikilowa sili ya ndani imekwisha. Kwenye hizi Subaru wota pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hivyo mtu anayebadilisha mkanda akifika kilomita 100,000 hivi akarudisha pampu ya zamani amejitafutia kazi ya mara mbili, hii naisema kwa uchungu.

Gari ya tabo ina shida yake ya ziada. Tabo inapoozwa na kulanti hiyo hiyo kupitia paipu fupifupi za mpira, karibu kabisa na chuma kinachokaribia kuiva chekundu ukiikanyaga. Ukifika nyumbani ukazima ghafla, mzunguko unasimama lakini joto halisimami, ile mipira inapikwa pale pale. Miaka kumi, kumi na tano, inakuwa migumu kama gome. Iache iungurume polepole dakika moja mbili kabla ya kuzima. Na kuna kuvuja kwa baridi tu, asubuhi vyuma vimejikunja klipu imelegea inatoa matone, injini ikipata moto inajiziba yenyewe, na kuna kuvuja kwa moto tu, presha ikipanda ndio tobo linafunguka. Ndio maana fundi anaangalia saa nane mchana anakwambia "mbona haivuji?"

Sasa ndani, hapo ndio watu wanaogopa, gasketi ya silinda hedi, ule ubapa unaoziba mwanya kati ya silinda na hedi, yaani kichwa cha injini. Ikiungua, maji yanaweza kuingia kwenye silinda yakachomwa yakatoka kwa egzosi moshi mweupe wenye ule utamu, au yakachanganyika na oili ikawa kama chai ya maziwa, au moshi wa mlipuko wa ndani ya silinda ukaingia kwenye maji, paipu ya juu ya redieta inakuwa ngumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha na chupa inatoa mapovu mfululizo. Lakini tulia hapo kwa mapovu. Injini iliyolala inashika hewa sana ukiijaza maji, lazima ujaze polepole, pua ya gari iwe juu kidogo, uminye zile paipu kwa mkono mpaka hewa itoke. Mapovu ya siku ya kwanza baada ya kujaza ni hewa tu. Ya siku ya tano ndio yana kesi.

Kesi hiyo haiamuliwi kwa macho. Kuna dawa ya bluu unaiweka kwa kichupa juu ya mdomo wa redieta injini ikiwa inaunguruma, moshi wa mlipuko ukipita inageuka njano. Na kuna pampu ya mkono yenye geji, unaifunga pale pa kifuniko gari ikiwa baridi, unapiga mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, unakaa unangojea robo saa. Mshale ukishuka kuna pa kutokea, na gari imezimwa na ni baridi kwa hivyo unaweza kuingiza kichwa na kusikiliza.

Fundi wa kwanza hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua boneti, akatikisa kichwa, "hedi gasketi hiyo, toa injini". Mwingine akataka kumimina binzari, eti inaziba. Inaziba kweli, na vijinjia vya redieta na vya hita inaziba pia. Nikatafuta mwenye pampu. Tukapiga, tukakaa chini ya mwembe, mshale ukashuka polepole, hatuoni kitu, mpaka kijana wake akasema sikiza. Kulikuwa na mlio mwembamba, ssss, chini ya tabo. Paipu fupi kama kidole gumba, imepasuka upande wa nyuma usioonekana, na chuma chini yake kimejaa ile chumvi. Kifuniko nacho tulipokipima hakikushika hata nusu ya kilichoandikwa.

Paipu, klipu mbili, kifuniko, kulanti mpya. Maji ya kuchanganya nilinunua yale yaliyosafishwa, ya kuongezea betri, maji yenyewe sio asidi, mtu asije akakosea. Ya kisima chetu hapana, yana chumvi, na redieta ni alumini. Miaka mingi mwenye gari wa kabla yangu alikuwa anaongeza ya mfereji na ya kisima, tulipomwaga yalitoka rangi ya udongo wa mto Sabaki wakati wa mvua.

Nimebandika utepe kwenye chupa pale maji yalipofika gari ikiwa baridi. Wiki ya sita hii, kila Ijumaa asubuhi naangalia kabla sijawasha, na maji yako pale pale kwenye utepe.