Waranti ya ndani ya kempa: tunavyoambiana gereji na mambo yalivyo kweli

Hapa Dodoma sikuhizi magari ya kulala, yaani kempa au motohomu, tunayaona sana. Kuna ya wageni wanaoshuka kutoka Arusha na Babati wanapita Kondoa kuelekea Iringa hadi Tunduma, kuna Coaster za watu wa utalii zimefungwa vitanda na jiko, na kuna wastaafu ambao wameamua kiinua mgongo kiende kwenye kempa wazunguke nchi. Mimi kazi yangu ni ndani ya gari, makabati, siti, dari, sakafu, na ninachokiona kila mara ni mtu ana waranti kabisa mkononi, kasoro ni ya kiwandani kabisa, halafu madai yanakataliwa kwa sababu ya kitu aliambiwa na rafiki au na fundi mwenzangu. Inaniuma kwa sababu hizi ni hela za watu walizozitolea jasho, kwa hiyo naandika hapa zile dhana ninazozisikia zaidi.

"Gari lina waranti ya miaka mitatu"

Waranti ya nani sasa? Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Motohomu sio bidhaa moja. Chini unakuta ni Fiat Ducato au Mercedes Sprinter au Toyota, hiyo injini na chasisi ina waranti ya kampuni ya gari. Nyumba yenyewe ya juu imetengenezwa na kampuni nyingine na ina waranti yake, na friji inaweza kuwa ya Dometic au Thetford, hita ya Truma, hao nao wana zao, na kila moja ina muda wake na masharti yake. Ukipeleka mlango wa kabati uliovimba kwa dila wa injini atakwambia haumhusu na atakuwa sahihi, wewe utaona kama anakuzungusha kumbe hujafika kwa mhusika. Hizi Coaster za kufungia hapa nchini ni hivyohivyo, aliyekuuzia gari na aliyekufungia vitanda ni watu wawili, na yule wa vitanda usipomwandikisha waranti kwenye karatasi tangu siku ya kumpa advansi usitegemee ataikumbuka baadaye.

Kwa hiyo kabla hujapiga simu, tafuta kibandiko. Kwenye friji mara nyingi kiko ndani ukutani, ukifungua mlango unakiona, kina modeli na serial namba, yaani namba ya utambulisho ya mashine yenyewe. Kipige picha kisomeke vizuri, maana ndicho kitu cha kwanza watakachokuuliza.

"Ikiwa ndani ya muda wanatengeneza chochote, bure"

Hapana jamani. Waranti inalipa kosa la utengenezaji au la malighafi, hailipi uchakavu, hailipi matumizi mabaya, na kwa mazingira yetu ya Dodoma hapa kuna ubishi mwingi kweli.

Chukua mlango wa kabati la juu ya kitanda. Barabara ya vumbi imetikisa, bawaba imelegea, unakuta unga wa chipboard umemwagika juu ya godoro. Kampuni itasema ni barabara. Lakini toa skrubu moja uiangalie kwa macho (usiitupe), kama ni fupi imeshika milimita chache tu, au tundu limetobolewa pembeni kabisa ya ubao mpaka umepasuka, hilo ni kosa la aliyefunga, barabara imelifichua tu. Kama skrubu ni nzima na ndefu ila ndani ya kabati ulikuwa umepanga sufuria za chuma na galoni la mafuta ya kula, hapo huna kesi. Hivyohivyo na lipingi, zile tepe za kufunika kingo za mbao: zikibanduka gari zima kwa pamoja ni gundi mbovu au imepigwa vibaya, ikibanduka moja tu ya pembeni mwa sinki ambako maji yanasimama kila siku watakwambia ni wewe.

Maji yetu nayo. Wote tunajua maji ya Dodoma yana chumvi, ukichemsha tu birika linaota utando mweupe, na ule utando ndio unaojaa kwenye hita ya maji na kwenye bomba la sinki. Utando huo kampuni nyingi wanauweka upande wa matunzo, kwa hiyo hita ikifa kwa chumvi usitegemee. Safisha kwa muda waliopanga kwenye kitabu na uweke kumbukumbu.

Friji ndio naombwa kuitazama zaidi. Hizi zinazotumia gesi, betri na umeme wa kawaida hazina kompresa kama la nyumbani, zinategemea joto na hewa kupita nyuma, tena gari liwe limesimama sawasawa, likiinama haligandishi. Sasa umelipaki juani Nzuguni saa nane mchana, tundu za hewa za friji upande wa nje zimeziba vumbi, halafu unasema friji bovu. Fungua zile tundu, piga brashi, lisimamishe kwenye usawa kivulini, jaribu kila chanzo cha nishati kimoja kimoja. Kama kwa gesi linaganda na kwa umeme haligandi, sasa una kitu cha kuwaandikia, na uandike hivyohivyo. Ila upande wa gesi usifungue mwenyewe, ukisikia harufu funga mtungi, fungua milango, toka nje.

"Mwite fundi apige silikoni kwanza, mambo ya kampuni baadaye"

Hii ndiyo inayoua madai mengi kuliko zote na mara nyingi inatoka kwetu sisi mafundi. Mvua zetu zinaanza kama Desemba zinaisha Aprili, miezi yote mingine paa linapigwa na jua tu, gundi ya kwenye maungio inakauka na kupasuka bila mtu kujua, halafu mvua ya kwanza ikishuka unakuta doa la rangi ya chai kwenye kona ya dari na plaiwudi inabonyea ukigusa. Mtu anapanic, anaita fundi, fundi anamimina silikoni nje na ndani, doa linapakwa rangi, na mvua inayofuata maji yanatokea kona nyingine.

Ukipiga silikoni umeziba njia ambayo mkaguzi wa kampuni alitakiwa aione, na pia gundi nyingine haishiki juu ya silikoni, hata ukiikwangua unabaki utelezi, kwa hiyo kampuni inaandika kwamba gari limeshaguswa na madai yanaishia hapo. Fanya hivi: chora mstari wa penseli kufuata ukingo wa doa, andika tarehe pembeni, piga picha ya karibu na ya mbali. Kesho yake likisogea chora mstari mwingine. Hiyo ni lugha ambayo mtu wa Dar au wa Ujerumani anaielewa bila wewe kuwepo. Kama kuna mtu ana kile kipimo cha unyevu, chini ya asilimia 15 ubao uko sawa, ikivuka 20 maji yanaingia mahali.

Watu wananiuliza sasa niache maji yaharibu? Hapana, kuzuia uharibifu usiendelee ni jukumu lako pia. Turubai juu, ndoo chini, pampu ya maji izime, godoro toa nje. Hakuna atakayekulaumu kwa turubai. Kinachokuponza ni kufungua, kukata na kubandika kabla hujapata idhini, na idhini yenyewe iwe ya maandishi. Kuna kampuni ukiwaeleza kwamba gari liko Dodoma na karakana yao iko mbali wanakubali fundi wa karibu afanye kazi wao walipe, lakini wanataka kuona makadirio kwanza. Ukifanya kwanza ukapeleka risiti baadaye, wengi wanakataa.

Halafu kuna hili la ukaguzi wa mwaka. Kampuni nyingi za Ulaya zinatoa waranti ndefu ya maji kuingia, miaka mitano au zaidi, ila kwa sharti la nyumba kukaguliwa kila mwaka na kitabu kigongwe muhuri. Mwaka mmoja ukiuruka waranti hiyo inaweza kufa wakati ile ya chasisi bado iko hai. Waandikie mapema uwaulize hapa Tanzania nani anakubalika kukagua.

"Imeandikwa kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi"

Yale maneno yameshatisha watu wengi. Yanaweza kumzuia mtu aliyebadilisha mawazo kuhusu rangi ya kapeti, sawa, lakini hayakunyang'anyi haki yako kwenye kitu kibovu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa na ifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, FCC, yaani Tume ya Ushindani, ndio wanaoisimamia na malalamiko yanapelekwa kwa maandishi. Ila sheria hiyohiyo ya mauzo haikubebi kwa kasoro ambayo ulikagua gari na ulipaswa kuiona, kwa hiyo siku ya kulichukua usiwe na haraka, fungua kila droo, washa kila taa, lala kwenye kitanda.

"Nimenunua Uingereza, sheria zao kali, watanitengenezea"

Sheria zao kweli ni nzuri. Uingereza kwa sheria ya 2015 una siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro, na ndani ya miezi 6 muuzaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba kasoro haikuwepo. Afrika Kusini kwa sheria ya 2008 una miezi 6 ya kudai watengeneze, wabadilishe au warudishe hela. Shida ni kwamba unamdai yule aliyekuuzia, kulekule, na kulirudisha gari mara nyingi ni kwa gharama yako, meli na ushuru juu. Na lile la mnada wa Japani ulilochagua kwa picha, hilo limeuzwa lilivyo, weka hela ya matengenezo pembeni.

"Nimeshawapigia, wanajua"

Simu haina ushahidi. Ongea nao vizuri, mwite dada wa mapokezi dada, lakini ukikata simu tuma barua pepe au WhatsApp ya mistari mitatu: kasoro gani, umeiona lini, waranti inaisha lini. Na risiti ya EFD ipige picha siku hiyohiyo, ile karatasi ukiiacha kwenye dashibodi kwa jua letu maandishi yanafutika yote unabaki na karatasi nyeupe.

"Walitengeneza mara moja, sasa waranti imeisha, basi tena"

Kama kasoro uliiripoti kabla muda haujaisha na imerudi ileile, bado ni deni lao, na karatasi inayokutetea ni jobu kadi, ile karatasi ya kazi ya gereji, ya mara ya kwanza. Ndio maana nawaambia wateja msikubali kadi iliyoandikwa "kabati limerekebishwa", iandikwe kabati lipi, kona ipi, kimebadilishwa nini, tarehe. Na kama tatizo lilikuwa maji, kabla hujasaini waambie walete mpira wa maji wamwagilie paa palepale uwani wewe ukiwa ndani na tochi, dakika kumi na tano zinatosha, ukiona tone kadi inabaki wazi na gari linabaki kwao.