Saa ya mwisho ya kufuta chumba cha hoteli ni saa ya wapi?

Chumba ni kilekile na kitanda ni kilekile, lakini mtandaoni kina bei mbili: shilingi 120,000 kwa usiku na shilingi 108,000 kwa usiku. Hizo 12,000 za juu ni bei ya haki ya kughairi. Ukilala siku tatu kwa bei ya chini unalipa 324,000 badala ya 360,000, yaani umeokoa 36,000. Safari ikivunjika, zote 324,000 zimekwenda.

Hesabu yake ni fupi. Kama katika safari zako kumi za namna hiyo moja huvunjika, bei hizo mbili kwako ni sawasawa. Zikivunjika zaidi ya hapo, ile ya chini ndiyo inayokugharimu. Harusi ya ndugu ambayo kadi zake zimeshagawiwa unaweza kuilipia bei ya chini bila wasiwasi mkubwa. Safari inayosubiri viza, hapana. Ubalozi wa nchi za Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) hutaka uthibitisho wa mahali utakapolala, na majibu yake kwa kawaida huchukua siku 15, lakini yanaweza kufika siku 45. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo muda upo: omba mapema, na uchague chumba ambacho siku ya mwisho ya kukifuta bure inaangukia baada ya majibu.

Wengi hukwama kwenye saa. Maneno "kufuta bure hadi 14 Agosti, 18:00" kwa kawaida humaanisha saa ya mji ilipo hoteli. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyebuki Guangzhou yuko nyuma kwa saa tano, hivyo mlango wake unafungwa saa saba mchana, si saa kumi na mbili jioni. Dubai wako mbele kwa saa moja tu. Huko mwisho ni saa kumi na moja jioni kwa saa za kwetu. Angalia pia sifuri: "14 Agosti, 00:00" ni usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo siku yako ya mwisho ni tarehe 13. Ukiamka asubuhi ya tarehe 14 ukidhani una siku nzima, umeshachelewa.

Usiku huohuo huleta kosa la pili. Ndege inayotua saa nane usiku wa kuamkia tarehe 15 inahitaji chumba cha kuanzia tarehe 14. Ukibuki tarehe 15, mapokezi watakuambia chumba kinaanza saa nane mchana, na utakaa na mizigo ukumbini. Ukibuki tarehe 14 bila kuwaarifu kwamba utafika usiku wa manane, wanaweza kukuhesabu kuwa hukutokea: usiku wa kwanza unakatwa, na siku zilizobaki anaweza kupewa mgeni mwingine. Waandikie saa ya ndege siku moja kabla, na ndege ikichelewa waarifu tena.

Kwenye malipo, kadi huombwa kwa sababu tatu zisizofanana. Hoteli inaweza kuihifadhi tu kama dhamana. Inaweza kushikilia kiasi fulani, ambacho bado ni chako lakini huwezi kukitumia. Au inaweza kukata kabisa, sehemu au yote, siku ileile au tarehe iliyotajwa kwenye masharti. Wenye kadi za kawaida za benki huumia zaidi kwenye kushikilia, kwa kuwa hiyo ni pesa halisi ya akaunti, si mkopo. Baada ya kufuta, benki inaweza kuchukua siku kadhaa kuiachia, kwa hiyo usiipangie nauli. Tarehe ya kukata nayo iandike: salio lisipotosha siku hiyo, hoteli inaweza kuifuta bukingi yenyewe.

Pesa iliyokwisha kukatwa hurudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Kama ulitumia kadi ya muda ya kwenye simu, usiifute kabla pesa haijarudi. Na kama bei ilikuwa ya dola au dirham, marejesho hubadilishwa kwa kiwango cha siku yanapoingia, ndiyo maana shilingi zinazorudi zinaweza kupungua bila mtu kukuibia.

Kusogeza tarehe si jambo dogo kama linavyoonekana. Mara nyingi mfumo huhesabu kama bukingi mpya, yenye bei ya leo na masharti ya leo. Soma upya kabla ya kubonyeza. Hoteli nyingi za ufukweni Zanzibar hukaza masharti Krismasi na Mwaka Mpya, na muda wa kufuta bure huweza kuisha wiki kadhaa kabla.

Mwisho, futa kupitia njia uliyobukia. Meseji ya WhatsApp kwa mhudumu wa mapokezi haitoshi ikiwa ulipitia wakala au tovuti, hata akikujibu "sawa, hakuna shida", maana kwenye mfumo chumba bado ni chako. Subiri barua pepe yenye namba ya kufuta na kiasi kitakachorudi, na uipige picha kabla hujafunga simu.