Oksijeni Kwanza, Mashine Baadaye: Dhana Potofu Kuhusu Tiba Wakati wa Janga

Ukikaa na wapanga bajeti wa hospitali, au na ndugu wa mgonjwa waliosimama nje ya wodi, swali huwa lile lile: mashine za kupumulia mnazo ngapi? Ni nadra mtu kuuliza mtungi uliofungwa pale kitandani utaisha saa ngapi. Swali la kwanza limeshaulizwa vya kutosha. La pili ndilo linaloamua nani atafika asubuhi, na ndiyo maana dhana ya kwanza hapa chini imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine zote.

"Nchi iliyo tayari kwa janga ni ile yenye mashine nyingi za kupumulia"

Dhana hii ilikomaa Machi 2020. Serikali ya Uingereza iliwaomba wenye viwanda waunde mashine za kupumulia, na Marekani kampuni za magari kama Ford na General Motors zikaingia kazini. Mashine ile ikawa ndiyo sura ya janga lenyewe. Lakini takwimu za mwanzo za UVIKO-19, ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizitumia kupangia huduma, zilikuwa wazi: katika kila wagonjwa 100, takriban 80 walipata ugonjwa mwepesi au wa wastani, 15 walizidiwa kiasi cha kuhitaji oksijeni, na 5 wakawa mahututi. Hao 5 nao wanahitaji oksijeni, tena nyingi zaidi. Sera inayonunua mashine kabla ya oksijeni inawaruka wale 15 na haiwafikii hata hawa 5.

Haiwafikii kwa sababu mashine ya kupumulia haizalishi oksijeni. Kazi yake ni kusukuma mchanganyiko wa hewa na oksijeni kwenda mapafuni kwa kipimo. Nyingi za zile za wodi ya mahututi (ICU) zinataka oksijeni ya bomba la ukutani yenye mgandamizo wa takriban bar 4 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Konsentreta ya kando ya kitanda, yaani kifaa kinachochuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya kawaida, hutoa mgandamizo mdogo sana kuliko huo, kwa hiyo kuviunganisha viwili hivi hakusaidii kitu, isipokuwa mashine iwe imeundwa na mlango wa mgandamizo mdogo. Halafu kuna kichwa cha mpira wa oksijeni. Viwango vya nchi na nchi havifanani, na mashine ya msaada ikija na kichwa kisichoingia kwenye tundu la ukutani, inabaki kwenye boksi hadi adapta ipatikane. Ongeza mirija na filta za kutumia mara moja, mashine ya kufyonza makohozi, dawa za usingizi, monita, betri ya akiba, na muuguzi anayeelewa king'ora kinalia kwa sababu gani. Kikikosekana kimoja, mgonjwa aliyewekewa mpira kooni yuko hatarini kuliko alivyokuwa kabla ya kuwekewa.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Kiasi cha oksijeni iliyomo mtungini hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa mtungi kwa mgandamizo unaosomeka kwenye geji. Mtungi wa lita 50 uliojazwa hadi bar 150 una lita 7,500. Mgonjwa mmoja mwenye barakoa ya mfuko wa akiba, kwa lita 10 kwa dakika, anaumaliza kwa saa 12 na nusu. Aliye kwenye mirija ya puani ya mtiririko mkubwa, lita 60 kwa dakika za oksijeni tupu, anaumaliza kwa saa 2 na dakika 5. Wodi ya wagonjwa 20 wanaotumia wastani wa lita 6 kwa dakika inakula lita 172,800 kwa siku, yaani mitungi 23, kabla hujahesabu masalio yanayorudi na mtungi na kinachovuja njiani. Nani anaishusha mitungi hiyo, ambayo mmoja wa chuma hata ukiwa mtupu una zaidi ya kilo 50? Gari linakuja mara ngapi kwa wiki? Nani anasaini malipo ili lisikwame getini? Sera ya afya wakati wa janga ni majibu ya maswali haya.

Tazama kitanda kimoja. Muuguzi anaingia zamu saa 2 usiku, geji inasoma bar 60. Hamsini mara sitini ni lita 3,000. Mgonjwa yuko kwenye lita 10 kwa dakika, kwa hiyo zimebaki dakika 300, sawa na saa 5. Mtungi huo utaisha saa 7 usiku, wakati wodi ina watu wachache zaidi. Andika saa hiyo kwenye kipande cha plasta, kibandike shingoni mwa mtungi, na uubadilishe saa 6. Laiti zoezi hili lingefundishwa katika kila wodi kabla ya semina yoyote ya mashine za kupumulia!

Kubadilisha mtungi nako kuna namna yake. Vali ya mtungi mpya ifunguliwe kidogo na kufungwa kabla ya kuweka regyuleta (kifaa cha kushusha mgandamizo wa gesi inayotoka mtungini), ili vumbi litoke; simama pembeni, usielekeze mdomo wa vali kwa mtu. Kagua mpira wa muhuri kama haujapasuka. Mikono isiwe na losheni, mafuta wala grisi, na nyuzi za regyuleta zisilainishwe kwa chochote, kwa kuwa mafuta yakikutana na oksijeni yenye mgandamizo yanaweza kushika moto bila kiberiti. Kisha fungua polepole. Vali ikifunguliwa kwa kishindo, gesi inayokimbilia ndani ya regyuleta hupata joto la ghafla na inaweza kuiwasha kwa ndani. Mvujo hukaguliwa kwa povu la sabuni isiyo na mafuta, sikio halitoshi. Aprili 2021 moto uliohusisha mitungi ya oksijeni uliua watu zaidi ya 80 katika hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad.

Konsentreta zinafaa sana kwa zahanati na wodi ndogo, mradi mipaka yake iheshimiwe. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Konsentreta huibana, huipitisha kwenye zeolaiti, chembechembe za madini zinazonasa naitrojeni, na kutoa oksijeni ya asilimia 93 hivi. Ile ya lita 5 kwa dakika hula takriban wati 350. Inauawa na filta isiyooshwa, umeme unaorukaruka, na joto lenye unyevu. Filta ya nje ioshwe kwa maji na sabuni kila wiki na ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mashine isigandamane na ukuta wala pazia. Na stebilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, inunuliwe pamoja nayo siku ileile. Ukilazimisha mtiririko uzidi uwezo wa mashine, au zeolaiti ikichoka, mpira utaendelea kupuliza vizuri tu huku mgonjwa akipewa hewa isiyo na oksijeni ya kutosha. Kipima usafi wa oksijeni pekee ndicho kitakachokuambia. Usafi ukishuka chini ya asilimia 82, mashine itoke wodini.

Mitambo mikubwa ya kuzalisha oksijeni hospitalini hutumia kanuni hiyohiyo, na hufa kifo kinachojulikana: kikausha hewa kinasimama, maji kutoka kwenye kompresa yanaingia kwenye zeolaiti, basi. Mtambo unaofanya kazi usiku na mchana hutimiza saa 8,760 kwa mwaka, na kompresa inataka oili na filta mpya kila baada ya saa elfu chache. Mkataba usiotaja vipuri, fundi na bajeti ya miaka inayofuata ni mkataba wa kununua chuma. Umeme ukikatika mtambo husimama papo hapo, kwa hiyo mitungi ya akiba haikwepeki. Oksijeni ya kimiminika, iliyopozwa kwa baridi kali, inaifaa zaidi hospitali kubwa, kwani lita 1 hugeuka kuwa lita 860 hivi za gesi, lakini inategemea usafiri. Mjini Manaus, Brazili, Januari 2021, mahitaji yaliruka juu ya uwezo wa kuzalisha na kusafirisha, na wagonjwa wakafa kwa kukosa oksijeni wakiwa hospitalini.

WHO iliiweka oksijeni ya kutibu upungufu wa oksijeni mwilini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2017, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kupanua upatikanaji wake. Basi ipangwe kama dawa: makadirio ya matumizi, akiba inayohesabiwa kwa siku, daftari la zamu, na mtu mmoja anayewajibika kwa jina. Mashine za kupumulia zinunuliwe baada ya hapo.

"Ukiwekewa oksijeni, umekwisha"

Dhana hii inajithibitisha yenyewe. Mtu anaogopa oksijeni, anajificha nyumbani hadi midomo inabadilika rangi, analetwa amechelewa, anafia chini ya barakoa, na majirani wanahesabu barakoa kuwa ndiyo iliyoua. Wengi wanaoanzishiwa mapema hupita kwa mirija ya puani ya lita 1 hadi 5 kwa dakika na kurudi nyumbani. Angalizo moja kwa wahudumu: barakoa ya kawaida isiyo na mfuko isiendeshwe chini ya lita 5 kwa dakika, kwa sababu mgonjwa atavuta tena hewa chafu aliyoitoa. Kama lita 3 zinamtosha, mrudishie mirija ya puani.

"Oksimita ikisoma 94, uko salama"

Oksimita, kifaa kinachobanwa kidoleni, hukisia asilimia ya oksijeni kwenye damu kwa mwanga unaopita kidoleni. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya Februari 2021 kwamba kifaa kikisoma 90, oksijeni halisi kwenye damu inaweza kuwa popote kati ya 86 na 94. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kifaa kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa wagonjwa Weupe. Ni aibu kwamba vifaa hivi viliuzwa miaka mingi bila sharti la kupimwa ipasavyo kwenye ngozi za rangi zote. Pasha kidole joto, futa rangi ya kucha, tulia, subiri namba itulie kwa dakika nzima. Kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima, bila kukata nusu na kuzidisha. Mtu mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika apelekwe hospitali hata kama kioo kinasoma 95.

"Deksamethasoni ni dawa ya korona, anza mapema"

Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitoa matokeo Juni 2020: miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, zilipunguza vifo kwa takriban theluthi kwa walio kwenye mashine za kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida yoyote. Dawa hii inatuliza kinga ya mwili, na siku za mwanzo kinga ndiyo inayopambana na kirusi. Kuinunua kwa sababu ya mafua na homa ni kumpa kirusi nafasi, na kwa mwenye kisukari ni kupandisha sukari bure.

"Chanjo iliyopatikana chini ya mwaka mmoja iliruka hatua"

Hatua zilipishana, hazikurukwa. Ramani ya vinasaba vya kirusi ilichapishwa Januari 2020, na Uingereza ikaidhinisha chanjo ya Pfizer na BioNTech tarehe 2 Desemba 2020, baada ya jaribio la watu zaidi ya 43,000. Msingi wa mRNA, teknolojia iliyotumika kwenye chanjo hiyo, ulianza kuwekwa zamani. Kazi ya wanasayansi Katalin Karikó na Drew Weissman iliyochapishwa mwaka 2005 ndiyo iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Kilichookoa muda ni fedha na taratibu: serikali ziliagiza dozi kabla ya matokeo, viwanda vikaanza kuzalisha kwa hasara inayowezekana, na wakaguzi wakasoma data kadiri ilivyoingia badala ya kungoja faili zima.

"Programu za simu za korona zilikuwa zikifuatilia kila ulipokwenda"

Mfumo wa kumjulisha mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa, ambao Apple na Google waliutangaza Aprili 2020, ulitumia bluetooth na namba za siri zinazobadilika kila baada ya dakika chache, bila GPS. Udhaifu wake ulikuwa mwingine: bluetooth haijui kama kati yenu kuna ukuta. Hata hivyo wasiwasi wa watu haukuwa wa kupuuzwa. Singapore ilikiri Januari 2021 kwamba polisi wangeweza kupata data ya programu yake ya TraceTogether, na mwezi uliofuata ikapitisha sheria ya kuibana iwe kwa makosa makubwa tu. Sheria ya namna hiyo iandikwe kabla programu haijatoka.

"Daktari wa kwenye simu si daktari"

Hakuna anayepasuliwa kwa simu, lakini kumfuatilia mgonjwa aliye nyumbani kunawezekana hata bila video. Kikwazo kikubwa kilikuwa malipo: Marekani, mpango wa bima wa Medicare ulianza kulipia kwa upana mashauriano ya mgonjwa akiwa nyumbani Machi 2020, wakati teknolojia yenyewe ilikuwapo miaka mingi. Piga kila siku kwa saa ileile, hasa siku ya 5 hadi ya 10 tangu dalili zianze, ndipo wengi huzidiwa. Msikilize kama anamaliza sentensi bila kukatika pumzi. Mwambie aseme "sasa" kila anapovuta pumzi, wewe ukishika saa. Muulize kama kwenda chooni, hatua chache tu, kumeanza kumchosha. Na kabla hujakata, hakikisha aliye naye chumbani ameandika namba ya kupiga usiku.