Pointi za NECTA si pointi za TCU

Kila matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa, ya kidato cha nne mwanzoni mwa mwaka na ya kidato cha sita katikati yake, neno «pointi» husambaa mitaani, misikitini, makanisani na kwenye makundi ya simu, na karibu kila anayelitumia huamini kwamba linataja kipimo kimoja kinachojulikana na wote. Mzazi husema kwa fahari kwamba mwanawe amepata pointi kumi ilhali vyuo vikuu vinataka nne tu, kwa hiyo kijana amevuka kwa mbali. Nimesikia pia mjomba mmoja akimtuliza binti aliyepata pointi tatu za kidato cha sita, akimwambia asikate tamaa, kwani chuo kikuu wanataka nne na amekosa moja tu. Binti huyo alikuwa na A tatu.

Maana yenyewe haichukui muda. Pointi ni namba inayopewa gredi ili gredi ziweze kujumlishwa, kwa sababu A na C hazijumlishiki bali 1 na 3 hujumlishika. Tatizo ni kwamba mamlaka mbili tofauti zinazipa gredi zilezile namba tofauti, kwa kazi tofauti, na zinahesabu kwa mwelekeo ulio kinyume.

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huhesabu kama wanariadha wanavyohesabu nafasi: wa kwanza ndiye bora. Katika kidato cha nne A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi, hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayoonekana kwenye safu iliyoandikwa AGGT katika ukurasa wa matokeo. Kutoka 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Mipaka hii haikuangukia hapo kwa bahati mbaya. Mwenye D mbili na F tano anapata 33, na mwenye C moja na F sita naye anapata 33, kwa hiyo daraja la nne linamalizikia kwa mtu aliyefaulu angalau kidogo hicho. Mwenye D moja peke yake anaishia 34, nje ya mlango.

Mpaka wa daraja la tatu ndio unaowapotosha wazazi wengi zaidi. C tatu na D nne hutoa 25 kamili, na kwa kuwa sharti la msingi la kuendelea na kidato cha tano ni kuwa na krediti tatu, yaani masomo matatu yenye A, B au C, watu wamejijengea imani kwamba daraja la tatu na krediti tatu ni kitu kimoja. Tuchukue mstari huu wa matokeo: KISW A, ENGL B, CIV D, HIST D, GEO D, BIO D, LIT ENG D, B/MATH (hisabati) F. Jumla ya saba bora ni 23, daraja la tatu, na familia inasherehekea, lakini krediti ni mbili tu na hakuna tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita, itakayosimama juu ya masomo mawili. Sasa tuchukue wa jirani: HIST C, GEO C, KISW C, CIV D, ENGL D, BIO D, B/MATH F. Jumla ni 26, daraja la nne, na nyumbani kwao kumepoa kama kuna msiba, ilhali huyu sharti la krediti tatu amelitimiza. Sisemi kwamba atapangiwa shule ya serikali, kwa maana huko kuna ushindani na vigezo vinavyotolewa kila mwaka. Nasema tu kwamba aliyelia na aliyecheka wote wawili walisoma safu isiyo sahihi. Safu ya daraja hueleza mwanafunzi amesimama wapi kwa jumla, na ni safu ya masomo, ile ndefu ya mwisho ambayo wengi hawafiki, inayoeleza anaweza kwenda wapi.

Katika kidato cha sita NECTA inaendelea kuhesabu kwa mwelekeo uleule, ila kwa masomo matatu ya tahasusi pekee. Masomo ya ziada, yaani General Studies na BAM (hisabati ya msingi), hayaingii kwenye jumla. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Daraja la kwanza ni 3 hadi 9, la pili 10 hadi 12, la tatu 13 hadi 17, la nne 18 na 19, na 20 au 21 ni sifuri.

Kisha inakuja Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo haina haja na daraja. Tume inageuza kila kitu: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, na F haina kitu. Kwake nyingi ndiyo nzuri. Sharti la chini la kuomba shahada ya kwanza kwa aliyetoka kidato cha sita ni ufaulu wa gredi A hadi E katika masomo mawili yanayohitajiwa na kozi husika, na jumla ya pointi za masomo hayo mawili isipungue 4. Hapa ndipo penye jambo ambalo hata walimu hulipita haraka: pointi za TCU hazimfuati mwanafunzi, zinafuata kozi. Mwanafunzi wa PCB mwenye D ya fizikia, C ya kemia na C ya baiolojia ana pointi 10 za NECTA, daraja la pili, na jumla hiyo haitabadilika maisha yake yote. Akiomba kozi inayotazama kemia na baiolojia ana pointi 6 za TCU. Akiomba inayotazama fizikia na kemia ana 5. Akiomba udaktari wa binadamu, ambao hutazama masomo yote matatu na kuanzia pointi 6, ana 8. Anayeuliza «ana pointi ngapi za TCU» bila kutaja kozi ameuliza swali lisilo na jibu moja, na anayemjibu kwa namba moja ameibuni.

Kwa nini basi mkanganyiko huu haufi, ingawa kila mwaka kuna mtu wa kuusahihisha? Nadhani sababu mojawapo ni namba tisa. Kwa kuwa kila gredi kuanzia A hadi E ikijumlishiwa pointi zake za NECTA na za TCU hutoa 6, masomo matatu hutoa 18, na hivyo mwenye C tatu ana pointi 9 kwa hesabu ya NECTA na pointi 9 kwa hesabu ya TCU, ikiwa kozi inatazama masomo yote matatu. Mwenye A, C na E naye ni hivyohivyo. Kijana wa namna hiyo akienda kuomba chuo, namba aliyotoka nayo nyumbani inakubaliana na ile anayoikuta huko, naye anarudi kuwaambia wenzake kwamba hakuna tofauti yoyote. Ushuhuda wake ni wa kweli kabisa na haufai kwa mtu mwingine yeyote mwenye jumla tofauti na yake.

Historia nayo haikusaidia. Matokeo ya kidato cha nne ya 2014 na ya kidato cha sita ya 2015 yalitolewa kwa wastani wa GPA, ambapo kubwa ndiyo nzuri, kabla ya serikali kurejesha madaraja mwanzoni mwa 2016. Waliomaliza kidato cha sita 2014 na 2015 wana hata B+ kwenye vyeti vyao, na TCU huwahesabia kwa jedwali lao: kwao B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Kaka mkubwa wa wakati huo akimfundisha mdogo wake wa leo jinsi ya kuhesabu pointi, anamfundisha kwa uaminifu kanuni isiyomhusu. Juu ya hayo, mwenye stashahada anayeomba shahada hupimwa kwa GPA ya chuo, ambayo kwa kawaida hutakiwa isipungue 3.0, na hiyo nayo mitaani huitwa pointi.

Kiswahili chetu cha shuleni kinachangia kidogo pia, kwa kuwa «alama» tunaitumia kwa maksi za mtihani, kwa gredi, na kwa pointi, na «daraja» tunaitumia kwa A, B, C na wakati huohuo kwa la kwanza, la pili na la tatu. Mtu akisema mtoto ana daraja C na daraja la tatu, hajarudia maneno.

Ninachokiona kuwa kizito zaidi, hata hivyo, ni yale yanayofuata baada ya hesabu kukosewa. Watatu wamemaliza kidato cha sita na wote wana pointi 15 za NECTA, daraja la tatu. Wa kwanza ana C, E na F; gredi zake mbili hutoa 3 na 1, jumla 4, na anaweza kuomba shahada ikiwa masomo hayo ndiyo yanayotakiwa na kozi. Wa pili ana D, E na S. D na E hutoa 3, na hajafika. Wa tatu ana B, S na F. Anayo gredi nzuri kuliko zote zilizotajwa hapa, lakini ni somo moja tu lililofikia kiwango, na hajafika vilevile. Nyumbani wote watatu huambiwa neno moja, ama la kupongezwa au la kulaumiwa, na wote watatu hupelekwa kwenye banda la intaneti kuomba kozi zilezile, kwa ada ya maombi ambayo wawili kati yao hawatafaidika nayo. Wa pili na wa tatu wangeweza kuwa tayari wanatafuta stashahada, au programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, wakati dirisha bado liko wazi. Vivyo hivyo kwa yule wa kidato cha nne mwenye krediti mbili: angeweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea atafute ya tatu, jambo ambalo vijana wenyewe huliita kuriseti, au kutazama stashahada, ambazo kwa kawaida huanzia ufaulu wa D nne kidato cha nne, masomo ya dini yakiwa kando. Mwenye D nne na F tatu ana pointi 31, na kwa wazazi wengi namba hiyo ni mwisho wa mazungumzo.

Kutimiza sharti la chini, nalo, si kupata nafasi. Pointi 6 za udaktari ni ruhusa ya kuingia kwenye foleni, na wanaoingia darasani katika vyuo vinavyogombewa huwa juu ya hapo kwa kiasi kikubwa. Kijana anayeambiwa na wakubwa wake kwamba «pointi zinatosha», kisha asione jina lake kwenye orodha, huanza kuamini kwamba amedhulumiwa au kwamba kuna mkono wa mtu, na sijui ni faraja gani itakayomfaa wakati huo kuliko kuwa ameelezwa mapema.

Kwa hiyo jirani anapotangaza kwamba mwanawe ana pointi kumi, hakuna haja ya kumkatiza mbele ya watu. Inatosha kumuuliza, kwa upole na baada ya kumpa hongera, ni kumi za NECTA au za TCU. Na akijibu kwamba ni zilezile, muombe amwite kijana mwenyewe aje na safu ile ndefu ya masomo na jina la kozi anayoitaka.