Kabila halimo kwenye damu: maneno ya kikaoni Uyole na ukweli wake

Mwezi wa sita tulikaa kikao cha familia Uyole, mdogo wangu anataka kuoa binti wa Kilolo, Mhehe, basi baba mkubwa mmoja akasimama akasema damu ya Mnyakyusa na damu ya Mhehe haziendani, na imekuwa hivyo tangu mababu. Nilinyamaza kwa heshima ila moyo uliniuma, maana hayo maneno nayasikia kila siku, sokoni Mwanjelwa, kwenye Koasta za Iringa, hata kanisani, na sio kweli.

Dhana: makabila yetu yapo hivi hivi tangu enzi na enzi.

Ukweli: Kabla ya katikati ya karne ya 19 ungezunguka Iringa yote usingekuta watu wanaojiita Wahehe kama kabila moja. Kulikuwa na vinchi vidogo vidogo, kila kimoja na mtwa wake, yaani chifu, mpaka Munyigumba akaviunganisha kwa vita na kwa kuoleana, akafariki kama 1879 na mwanae Mkwawa akaja kuendeleza. Jina lenyewe wanasema limetoka kwenye ukelele wa vita, ile "hee hee" ya wapiganaji. Na hata upiganaji wao wa vikosi waliuchukua kwa Wasangu, Wasangu nao waliuchukua kwa Wangoni, ambao walitoka Afrika Kusini wakavuka Zambezi 1835. Kwa hiyo jeshi la Wahehe lililommaliza Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na askari wake pale Lugalo, Iringa, tarehe 17 Agosti 1891 lilikuwa na mikono ya watu wengi ndani yake, na sioni hilo linampunguzia nini Mkwawa, mimi naona linamwongezea.

Huku Rungwe ni hivyo hivyo. Wajerumani walikuwa wanatuita Wakonde, na Mnyakyusa lilikuwa jina la watu wa sehemu tu ya nchi. Kila malafyale, yaani chifu wa kwetu, alikuwa na kaeneo kake. Halafu akaja Mwingereza, gavana Donald Cameron, na sheria yake ya 1926 ya kutawala kupitia machifu, sasa ili utawale kwa kabila lazima kwanza kabila liwepo, liwe na mipaka na mkubwa wake, ndo watu wa Kukwe na Selya na wengine wakaanza kuandikwa wote kwa jina moja. Mwanahistoria John Iliffe alishalieleza hili tangu 1979 kwa Tanganyika nzima, kwamba mzungu alikuja akiamini kila Mwafrika ana kabila, na Waafrika wenyewe wakayajenga makabila wapate pa kusimamia. Hatukudanganywa tu, na sisi tulishiriki, wasomi wa misheni waliandika historia na wazee wakapanga ukoo upya. Kwa hiyo kabila lipo, lugha ipo, misiba tunazikana, nisieleweke vibaya. Ninachokataa ni kusema limo kwenye damu.

Dhana: ukimpima mtu kichwa au ukimwangalia rangi utajua ni wa asili gani.

Hii ilitufikia kwa njia mbaya sana. Nilienda Kalenga nikasimama mbele ya lile fuvu la Mkwawa kwenye kioo, dogo kuliko nilivyodhani, na mwenzangu akavua kofia bila kuambiwa. Mkwawa alijipiga risasi 1898, Wajerumani wakachukua kichwa chake, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukataja kabisa kwamba fuvu lirudishwe, likarudi 1954. Miaka 35! Na gavana Twining alilipataje? Alienda kwenye makumbusho ya Bremen, mafuvu karibu 2,000, wakachambua yale ya Afrika Mashariki kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Yale mafuvu yalikusanywa na watu walioamini kwamba ukubwa na umbo la kichwa linapanga nani binadamu wa juu na nani wa chini, na imani hiyo imeshaanguka kabisa kisayansi. Tofauti nyingi za kijenetiki zipo kati ya mtu na mtu ndani ya kundi moja, na Afrika ndo kuna tofauti nyingi kuliko bara lolote. Utafiti wa 2017 uliohusisha pia watu wa Tanzania ulikuta jeni za ngozi nyeupe na nyeusi zote zimekuwepo hapa Afrika kwa muda mrefu sana. Na Septemba 2023 makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba DNA ya mafuvu machache imewapata ndugu hai hapa Tanzania, mmoja akiwa wa familia ya mshauri wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga aliyenyongwa na Wajerumani. Hapo sayansi ilimrudisha mtu kwa jamaa zake, kumpanga daraja haikuhusika.

Na ile ya kusema Waswahili wa pwani ni Waarabu tu, DNA ya makaburi ya zamani ya pwani iliyotolewa 2023 imeonyesha mchanganyiko, mama wengi Waafrika, baba wengi Waajemi, kuanzia kama mwaka 1000.

Turudi kikaoni. Bibi mzaa baba, miaka tisini na kitu, alikuwa kwenye mkeka na kanga yake mabegani, akamsikiliza baba mkubwa mpaka akamaliza. Akasema, mwanangu, baba yangu alikuwa Mkukwe, alipomwoa mama yangu wa Selya walisema amechukua mgeni, jina Mnyakyusa tulilizoea baadaye. Sasa wewe damu hiyo umeipimia wapi? Baba mkubwa akakaa. Mahari ilipelekwa Kilolo mwezi uliofuata na bibi ndo alikaa siti ya mbele.