Shoti ya betri: kwa nini volti chache zinaweza kuwasha moto

Shoti ni pale umeme unapopata njia ya mkato kutoka ncha chanya ya betri hadi ncha hasi, bila kupitia taa, mota wala kifaa chochote. Ufunguo, sarafu au waya uliochubuka vinatosha kabisa.

Wengi huidharau betri kwa sababu volti zake ni ndogo. Ni kweli kwamba betri ya gari ya volti 12 haikurushi ukiigusa kwa mikono mikavu, kwani ngozi ina ukinzani mkubwa, yaani nguvu ya kuzuia umeme usipite. Spana haina. Mkondo wa umeme ni volti ukigawanya kwa ukinzani, kwa hiyo betri yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.01 inaweza kusukuma karibu ampea 1,200 kwenye spana iliyolalia ncha zote mbili. Spana hupata moto papo hapo, na pete iliyonaswa katikati huunguza kidole vibaya sana. Halafu kuna cheche: betri ya gari ikichajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikishika moto betri hupasuka na kurusha tindikali. Vua pete na saa kabla ya kuigusa.

Kwenye gari ambalo bodi imeungwa na hasi, kama yalivyo mengi ya siku hizi, fungua waya hasi kwanza na uurudishe mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi tu, tayari ni shoti.

Betri za litiamu, kama za simu, zina hatari ya ziada: shoti ya ndani. Chanya na hasi hutenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Betri ikipondwa, ikitobolewa au ikiwa na kasoro ya kiwandani, pande hizo hugusana; joto huamsha kemikali zinazozalisha joto zaidi, na hapo mambo hayazuiliki. Mwaka 2016 Samsung iliondoa sokoni simu ya Galaxy Note 7 kwa kasoro za aina hii.

Betri ya akiba usiitupie mfukoni pamoja na funguo. Ile ya volti 9 ni ya kuangaliwa zaidi, maana ncha zake zimekaa upande mmoja. Zibandike tepu hata unapoitupa. Na betri ya simu iliyovimba usiikandamize wala kuitoboa ili itoe hewa. Acha kuichaji, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha mpelekee fundi.